Saa Sifuri

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu
nilipoandika mistari tisa
katika maktaba ya Ukili, lugha yetu ya kompyuta,
nikaiita amri hiyo saa_yetu:
ipe saa ya kizungu, itoe sita,
igawe kwa kumi na mbili, irudishe baki.
Saa moja asubuhi ikawa saa moja asubuhi,
si saba.
Nilishangilia peke yangu, Kijitonyama, ghorofa ya tatu,
feni ikizunguka kwa hisani ya jenereta la jirani.

Sikuiuliza kuhusu kumi na mbili.
Kumi na mbili kwa kumi na mbili, baki sifuri:
basi kila alfajiri na kila magharibi,
miaka kumi na sita,
mashine za jiji hili zilitamka bila haya
saa sifuri.

Hakuna aliyelalamika.
Duka la dawa la Tandika lilishona kiraka:
ikiwa sifuri, chapa kumi na mbili.
Kiwanda cha barafu, Keko, kiraka.
Shule moja ya Segerea, kiraka juu ya kiraka,
na chini yake mwalimu ameandika: *usiguse, inafanya kazi*.

Kokushubila alipojiunga nasi
alicheka mpaka miwani ikamdondoka.
"Saa sifuri ndiyo saa ngapi? Jogoo wenu huwika hesabu gani?"
Akataka toleo la tano litoke limeoga:
amri arobaini na moja za kufuta,
panga_orodha na pangaorodha,
mapacha wasiosalimiana,
na ile niliyoikosea herufi usiku wa mgawo wa umeme.
Nikamwambia, usiache mbachao.
Hakuinua macho kwenye kioo:
"Aliyesema hayo hakuwahi kufagia chini yake."

Nikasahihisha.
Kidole kilichobonyeza ni hiki.

Jumatano, ghala la saruji, Vingunguti.
Mlinzi Ngwele Mkumbukwa anangoja kutolewa zamu.
Programu ya zamu, kazi ya kijana aliyekwisha hamia Mwanza,
ina sharti moja tu:
saa ikiwa sifuri, badili walinzi.
Sifuri haikuja.
Jioni ilipita ikiitwa kumi na mbili, kwa adabu, kwa usahihi,
na jina la Ngwele likabaki kitabuni.
Mwenzake aliweka kidole, kikakataliwa, akarudi Kitunda.
Ngwele akalinda usiku.
Akalinda alfajiri, nayo ilikuwa sahihi.
Akalinda mchana kutwa.
Hakugomba, msimamizi alituambia kwa simu.
Aliuliza tu: "Jua lenyewe limezama,
hao wa kompyuta hawakuliona?"

"Kosa ni la aliyeandika sharti," alisema Kokushubila.
Kweli.
Miguu iliyovimba ni ya Ngwele.
Hiyo nayo kweli,
na zile kweli mbili zilikaa mezani kwetu wiki nzima,
chai ikipoa katikati yake.

Tuliirudisha sifuri.
Pembeni tukaweka saa_kamili, inayojua kumi na mbili.
Zile nyingine arobaini tulizunguka tukiuliza nani anaziita;
kwa thelathini na nane hakuitika mtu.
Tukazifuta. Sikulala siku tatu,
nikisikiliza simu ambayo haikulia.

Juu ya ile ya zamani niliandika onyo.
Kokushubila alisema onyo halitungwi.
Nikamwambia, hili litasomwa:

*Saa_yetu imechoka, wageni nawakataza,*
*Mpya imekwisha fika, ndiyo ya kutanguliza,*
*Ambao waliishika, hatuji kuwapoteza,*
*Jua likiisha shuka, sifuri itatangaza.*

Amelisoma, akarekebisha koma,
kisha akatia alama kwenye kalenda:
toleo la tisa, tuulize tena.
Nimekubali.
Ngwele atakuwa amestaafu, huenda.
Sharti lake, sijui.